Fimbo ya Mulenga

Siku ile mjinga alikuwa Kunda, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye foleni ya unga pale kambi ya wafanyakazi atakueleza bila kuombwa: mto Luapula ulijaa wajinga, kulikuwa na samaki waliomeza bati wakidhani ni samaki mwenzao, lakini kati ya wote waliovutwa kwa mdomo Jumamosi ile, aliyevutwa mbali zaidi ni yeye.

Chanzo ni wanaume watatu wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, hapo Lubumbashi, mwaka wa sabini na nne. Walibisha hodi nyumbani kwake na nyuso za msiba wakati yeye yuko zamu. Mke wake, Agnès, ambaye ofisini aliandikwa Nkandu tu kwa kuwa majina ya ubatizo yalikwisha kupigwa marufuku, aliwakalisha, akawapa maji. Wakampa pole ya baba yake. Akapokea. Wakasema kapita, msimamizi wa zamu, naye anatuma pole. Akapokea. Kisha mkubwa wao, mtu mwenye adabu nyingi, akauliza kama sherehe ya kuondoa kilio kule Kasenga ilienda vizuri, na kama mfuko wa unga waliomchangia Kunda uliwatosha watu.

Agnès alikuwa amerudi kutoka kwenye kilio hicho wiki moja iliyopita. Alienda peke yake, mtoto mgongoni. Mbele ya wajomba wote alisimama akamtetea mume wake: kapita amemnyima ruhusa, moto wa shaba haungoji mtu, mumusamehe. Wajomba walimsamehe, mmoja mpaka akamsikitikia. Sasa anaambiwa, kwa sauti ya upole na kikombe cha maji mkononi, kwamba kapita alitoa congé, ruhusa ya siku tatu nzima, na unga juu yake.

"Unga ulitosha," aliwajibu wageni, maana hawakuwa na kosa.

Unga ulikuwa umeliwa kando ya mto Lufira. Siku zile tatu Kunda alikuwa mtoni na rafiki yake Mulenga, akirusha fimbo ya kuvulia aliyoachiwa na fundi mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao. Ilikuwa fimbo nyembamba, ya kupinda kama jani la muwa, yenye kigurudumu cha kukunjia uzi. Mwisho wa uzi hakuna mnyoo wala funza. Kuna kibati kinachong'aa, wenyewe wanakiita kijiko, chenye ndoano tatu nyuma. Ukikirusha majini na kukivuta polepole, kinacheza kama kisamaki kilichoumia, na samaki mkali anakirukia kwa hasira. Kunda aliwapenda samaki wa aina hiyo. Alisema wanakufa kiume.

Jioni Agnès hakupiga kelele. Alimwekea bukari, ugali wa kwao, na mboga, akamuuliza kama kapita hajambo. Hapo Kunda angeweza kujiokoa kwa kunyamaza. Badala yake alitikisa kichwa, akasema kapita yule ni mtu mbaya sana, hana huruma kabisa na wafiwa.

Asubuhi Agnès alimfunga mtoto wao Chileshe mgongoni, akapanda lori la wachuuzi wa samaki, akarudi kwa mama yake Kasenga.

Mwanaume asiye na mke ndani ya kambi ni redio ya jirani: kila mtu anaisikiliza bila kulipa. Siku ya kwanza Kunda alipika bukari ikawa uji. Siku ya pili ikawa jiwe. Madeleine wa nyumba ya pili alisimama kwenye ua akamfundisha kwa sauti ya kufundishia darasa zima, maji kwanza, unga baadaye, koroga, koroga baba, unaogopa nini. Kwenye bomba wanawake walimpisha mbele ya foleni kama wanavyompisha mgonjwa. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Wiki mbili zilipita hivyo. Mulenga ndiye aliyesema waende kumlomba mke, yaani kumwomba arudi, na kwamba yeye ndiye atakayesema maneno. Alikuwa na haki. Mulenga ni wa ukoo wa mamba. Agnès na mama yake ni wa ukoo wa samaki, na tangu zamani mamba na samaki ni banungwe, watu wa utani. Munungwe anakuja kwenye msiba wako akamcheka maiti, anakutukana mbele ya watoto, anachukua kuku wako akaenda naye, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe. Bila shaka haki hiyo inaenda pande zote mbili, lakini siku ile hawakuifikiria pande zote mbili.

"Mi njo nitasema," Mulenga alimwambia. "Weye utakaa kimya. Kukaa kimya unajua?"

"Ninajua."

"Tutaona."

Na fimbo ibaki nyumbani, Mulenga aliongeza. Kunda akaapa. Jumamosi alfajiri, walipokutana penye lori, kulikuwa na mkeka uliokunjwa mrefu kuliko mikeka yote ya Lubumbashi. Mulenga aliugusa kwa kidole, akatazama angani. Kunda akaeleza kwamba kufika kwa wakwe mikono mitupu si adabu; watavua saa moja tu, samaki makobo mmoja mzuri, basi. Mulenga alimkumbusha kwamba watu wa Kasenga wanakula samaki mpaka paka wao wanachagua. Lakini hakumlazimisha airudishe. Yeye pia alikuwa na hamu.

Kabla ya kufika Kasenga kuna kizuizi cha barabarani, barrière, na siku ile alisimama pale bwana mmoja mwembamba mwenye daftari. Alishusha abiria wote, akapita kwenye mizigo, akafungua mkeka. Alipoona fimbo alirudi hatua moja nyuma. Mto Luapula ni mpaka. Ng'ambo ni Zambia. Bwana yule alikuwa na muda mrefu hajapata jasusi.

"Hii antenne unasemea nayo na nani kule ngambo?"

Kunda alieleza kwamba ni ya kuvulia. Bwana akauliza chambo kiko wapi. Kunda akaonyesha kijiko. Bwana akakishika, akakizungusha juani, akataka kujua samaki gani huyo mpumbavu anakula chuma. Abiria wakacheka, na mtu mwenye daftari akichekewa hafurahi. Akamwamuru avue pale pale, ili Serikali ione.

Basi Kunda alisimama katikati ya barabara ya vumbi, mbele ya wachuuzi, wanajeshi wawili na mbuzi, akarusha kijiko kwenye njia kavu na kukivuta kikirukaruka kwenye changarawe. Alifanya hivyo mara tatu. Mbuzi alikifuata mara ya tatu. Watu walipiga makofi.

"Iko ya nani?" bwana aliuliza, kalamu tayari.

Kunda alitazama kalamu. Aliona jina lake likisafiri kutoka daftarini hadi ofisini, kutoka ofisini hadi kiwandani, hadi kwa kapita aliyempa siku tatu za kulia. Akanyoosha kidole.

"Iko ya huyu."

Mulenga, ambaye hakuwa na fimbo wala kesi, alikitazama kidole kile. Kisha akavua kofia na kutaja jina lake herufi kwa herufi. Bwana aliandika: antenne moja ya samaki, ya Mulenga. Akapiga mhuri.

Walishuka kabla ya mji, wakafuata njia ya matete hadi mtoni. Luapula pale imetanda, mtumbwi ulio upande wa pili unaonekana kama punje ya mpunga. Maji yalikuwa ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Kunda alivua viatu, akakunja suruali, na kuanzia hapo hakuwa tena mume aliyeachwa.

Makobo hakai katikati ya mto. Anajibana pembeni, chini ya majani, kama mtoza kodi, akingoja vidogo vipite. Kunda aliijua tabia hiyo. Alirusha kijiko hadi kikagusa ukingo wa matete, akahesabu tano kizame, akavuta mizunguko mitatu, akatulia, akavuta tena. Ukiharakisha, unampata manda, na manda ana meno ya msumeno, anakata uzi na kuondoka na mali yako. Ukichelewa, unavua majani. Kunda hakuharakisha wala hakuchelewa. Mulenga alipewa zamu, akarusha kwa nguvu zote, akanasa kofia yake mwenyewe. Wavuvi wawili wa wavu walikuwa wanapita na mtumbwi. Wakaacha kupiga kasia ili wacheke vizuri. Wakauliza kama mjini samaki wanakula kwa kijiko na uma pia.

Kunda aliwapa mgongo. Fimbo ilikuwa imepinda.

Kitu kule chini kilishika, kikaenda upande wa matete, kikataka kuingia ndani. Kunda alimzuia kwa upole, akampa uzi, akamnyang'anya, akampa tena. Miguu yake ilizama kwenye tope hadi magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari njema kupitia ukuta. Samaki aliruka mara moja akajionyesha: makobo wa urefu wa mkono mzima, mdomo mpana, mgongo wa kijani, vidoa vya rangi ya chungwa kwenye pezi. Wale wa mtumbwi waliacha kucheka. Kunda alimfikisha ukingoni, akamshika chini ya shavu, akamwinua.

"Mulenga," alisema polepole. "Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona namna nilimugeuza pale kwa matete?"

"Nimeona, bwana. Sasa twende tutafute bibi."

Walipokaribia nyumba, Kunda alisimama. Akili ilikuwa imemrudia. Mtu aliyeachwa kwa ajili ya fimbo hawezi kuingia kwa mama mkwe na fimbo begani. Akamkabidhi Mulenga.

"Shika. Iko yako."

"Tangu lini?"

"Tangu barrière. Hata Serikali iliandika."

Mulenga aliipokea. Na makobo? Makobo pia, kwa kuwa nani angeamini kwamba mwenye fimbo ni mmoja na mwenye samaki ni mwingine. Kunda alibaki na mfuko wa chumvi, kilo mbili, aliyoinunua Lubumbashi ili iwe nyongeza.

Mama Kalaba, mama yake Agnès, alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anapasua samaki wa kukausha. Kunda aliketi chini, mbali, amegeuka upande, maana mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala haongei naye uso kwa uso. Mjomba Chola, kaka wa mama huyo, alitoka ndani na kigoda chake. Majirani watatu wanne wakakumbuka kwamba walikuwa na shughuli karibu na pale. Agnès alisimama mlangoni mwa jiko, mtoto ubavuni. Aliiona fimbo kabla hajamwona mume wake. Angeitambua gizani. Alimtazama mama yake, mama akamtazama, na mambo yote yakawa yamesemwa.

Mulenga alianza inavyotakiwa. Alisema, samaki, mimi mamba nimefika, wekeni mafuta jikoni mjikaange wenyewe. Mama Kalaba akajibu kwamba anamwona mamba, lakini meno haoni, au aliyaacha rehani Lubumbashi. Watu walicheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

"Munungwe," akasema Mama Kalaba, bado anapasua samaki, "ile fimbo iko ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na makobo?"

"Yangu."

"Mulivuta mwenyewe?"

Mulenga alimtupia Kunda jicho. Kunda alikuwa anasoma maandishi ya mfuko wa chumvi.

"Mwenyewe," Mulenga alisema.

Mama Kalaba alinawa mikono, akainuka, akachukua makobo akamtia kwenye beseni lake. Kisha akachukua fimbo, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake, akarudi kuketi. Hakuna aliyeshangaa. Mali ya mamba ni mali ya samaki, ndiyo sheria. Mulenga alipiga makofi ya heshima, yeye hakupoteza kitu. Kunda alihisi kama mtu anamng'oa jino polepole, lakini alikumbuka ahadi yake, akakaa kimya.

"Na mukwe wangu, mumuulize, alileta nini?"

Mfuko wa chumvi ulipitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ukafika mkekani. Mama Kalaba aliupima kwa macho.

"Iko muzuri," alisema. "Tutaiweka kwa samaki ya Mulenga."

Hata hilo Kunda alilimeza. Angeweza kushinda siku ile, mwenyewe anasema, kama mama yule asingekuwa na akili. Lakini alimwomba munungwe wake asimulie, hivi samaki mkubwa hivyo anavutwaje na kauzi kadogo? Mjomba Chola alisogeza kigoda. Naye Mulenga, ukimpa watu sita wanaosikiliza, anasahau hata kwao.

Alisema alirusha tu, hakuangalia. Alifumba macho. Akasikia uzito, akafikiri ni gogo, akavuta kama mtu anavuta ndoo kisimani. Kunda alianza kukuna goti. Mulenga akasema samaki mwenyewe alikuwa amelala, alikuja bila kupigana, kama mgonjwa anayepelekwa dispensari. Kunda alikuna goti la pili. Ni bahati ya wajinga, Mulenga alisema, hata mtoto angemvuta. Na huyu Kunda wetu, alipoona mdomo wa samaki, alikimbilia nyuma ya matete.

"Nani alikimbia?"

Watu wote waligeuka. Kunda alikuwa amesimama.

"Weye hata kofia yako uliinasa. Samaki hakulala. Alipigana, alienda kwa matete, mi njo nilimugeuza, uliona na macho yako. Mi njo nilivuta. Fimbo iko yangu. Na ile yote ya Lufira nilivuta mi, makobo saba kwa siku tatu, moja ilikuwa mukubwa kupita hii, na weye ulikuwa unapika tu."

Alivuta pumzi.

"Siku tatu gani, baba Chileshe?" Agnès aliuliza kutoka mlangoni.

Kunda alitazama ardhi kana kwamba jibu limeanguka huko.

"Zile kapita alinipatia," alisema. "Za kilio."

Agnès hakucheka, ingawa baadaye alikiri kwamba tumbo lilimuuma kwa kujizuia. Alimtazama Mjomba Chola, kisha majirani, mmoja mmoja. Wiki tatu zilizopita alisimama mahali pale pale akawadanganya bila kujua. Alikuwa amewaficha ukweli tangu arudi. Alisema tu ana homa. Sasa wamesikia kutoka kwa mdomo wenyewe. Mzigo ulimtoka begani, akamhamishia mtoto upande ule.

Mama Kalaba naye aliinuka, akaiokota fimbo kwa vidole viwili, akaiweka chini katikati ya uwanja, akajifuta mikono. Mali ya munungwe anaichukua. Mali ya mkwe ni mwiko, hata kuigusa si vizuri. Makobo pia alirudishwa. Alikuwa amekwisha kukatwa vipande vitano.

Mjomba Chola alikohoa, akatoa hukumu. Maneno yake yalikuwa mengi lakini ndani yake yalikuwa haya: kaburi la baba wa Agnès limeota majani. Mkwe atachukua jembe alisafishe. Atalala kwenye uwanja wa kilio kama wengine walivyolala. Atapita nyumba kwa nyumba kwa wote walioambiwa kwamba kapita alikataa, awaambie kapita alikubali. Hiyo ni kazi ya siku tatu. Siku ya nne atapewa mke wake na mtoto wake, na chumvi ile ya kupikia njiani.

Kunda alishukuru kwa magoti. Kisha akakumbuka leo ni Jumamosi, na zamu yake ni Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Akaomba asafishe kaburi kesho, na zile nyumba akazimalizie mwezi ujao. Mjomba alitikisa kichwa. Akaomba aende kazini kwanza, arudi. Mjomba alitikisa kichwa upande mwingine. Mulenga, ambaye alikuwa ametulia tangu Kunda asimame, alijitolea kumwambia kapita kwamba Kunda ameshikwa na kuhara.

"Hapana," Agnès alisema. "Ule kapita munamuonea bule. Hatadanganywa tena na bantu ya nyumba yangu. Mulenga ataenda kumuambia kweli: Kunda iko kwa kilio ya baba mukwe."

"Mama Chileshe," Kunda alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia, "hatakubali. Congé ya kilio alisha kunipatia. Hakuna kapita anapatia muntu congé mbili kwa maiti moja."

Agnès alishuka ngazi ya jiko, akaenda hadi ukutani, akachukua jembe, akampa.

"Ile congé haujaianza bado," alisema. "Unaianza leo."